Ibara ya Arobaini na Mbili Yasomwa Hangani Vitengeni

Safari hii niliianza kwa sababu shangazi yangu Sidi alinipigia simu, akasema: "Wewe ndiye tuliyekusomesha. Sasa njoo useme." Kisha akakata.

Shangazi anaishi Vitengeni. Kampuni moja ilitaka kusimamisha mtambo wa kuponda kokoto hatua chache kutoka kisima chake, ambacho majirani wote huchota. Sheria yetu yataka wananchi wasikizwe kabla ya mradi kama huo kupewa kibali, na kikao kilikuwa kimetangazwa: Alhamisi asubuhi, uwanja wa chifu. Mimi nina shahada ya mazingira na sina kazi, kwa hiyo sikuwa na kisingizio.

Alfajiri, nyumbani Barani, Malindi, mama alinikuta nikipanga mkoba. Nilikuwa nimetia Katiba, hotuba ya kutumia kama watu wa kampuni wangekuwa wapole, hotuba nyingine kama wangekuwa wakali, dawa ya tumbo, na shati la akiba endapo jasho lingenitoka mbele za watu.

"Wahama?" akaniuliza.

"Mama, na wakiniuliza nisilolijua?"

"Ujibu vivyo hivyo. Mitihani si uliipita?"

Kilifi nilipokewa na binamu yangu Karisa, mwenye pikapu. Nyuma alikuwa amepakia masufuria, viti vya plastiki na spika kubwa. Moyo wangu ukatulia kidogo. Nikadhani watu wa Vitengeni wamejiandaa.

"Viti hivi ni vya kikao?"

"Kikao gani? Ni vya hanga. Mzee Mwaringa azikwa leo asubuhi."

Hanga ndiyo matanga yetu sisi Wagiriama, na mzee akiwa amekula chumvi nyingi kama Mwaringa, huja hata wasiomjua. Siku ya mazishi jembe halishikwi, duka halifunguliwi, sembuse kikao. Aliyepanga Alhamisi hiyo hakuwa ameuliza mtu. Nikaanza kupiga hesabu za balaa: hatakuja mtu uwanjani, afisa ataandika hakuna pingamizi, mtambo utakuja, kisima kitajaa vumbi, na ukoo mzima utasema mtoto alisomeshwa bure.

"Karisa, kaza mwendo!"

"Haya ni masufuria ya watu. Likitoboka moja nazikwa mimi."

Tulipofika uwanja wa chifu, maziko yalikuwa yamekwisha, na niliyoyahofia ndiyo niliyoyakuta. Chini ya hema waliketi afisa wa mazingira aliyevaa fulana ya kijani, mwakilishi wa kampuni aliyevaa tai kwenye joto lile, na mbuzi watatu waliofuata kivuli.

"Mimi ni mwananchi," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kuliko nilivyoipanga.

"Wa wapi?" afisa akauliza.

"Malindi."

Mwenye tai akacheka. "Hata si wa hapa! Afisa, andika tu. Mwenye kunyamaza ameridhia."

Afisa alikuwa amekwisha kutoa kalamu Shangazi Sidi alipotokea, amejitanda leso ya msiba. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia bila kunitazama. Macho yake yalikuwa kwa wageni.

"Nyinyi babangu, mwaingia kwa watu siku ya kilio mwaketi na mbuzi? Hata pole hamkutoa?"

Mwenye tai akasema hawana muda. Lakini afisa alikuwa mtu wa pwani. Alijua kwamba mgeni hapiti penye msiba kama anayepita sokoni. Akasimama.

"Chakula kipo," Shangazi akaongeza.

Mwenye tai naye akasimama.

Hangani walikuwa watu tele. Wageni walipakuliwa wali na nyama, kisha wakapewa kipaza sauti, maana huko kwetu mgeni wa hanga hujitambulisha: ni nani, ametoka wapi na ameletwa na lipi. Afisa akatoa pole, akataja mtambo.

"Utasimama wapi?" akauliza mwongozaji wa shughuli.

Afisa akanyoosha kidole.

"Kisimani kwa Sidi!" Watu wakavuma kama nyuki.

Shangazi akapokea kipaza sauti. "Kazi twaitaka. Mimi naponda kokoto kwa nyundo tangu sijapata wajukuu, na jicho hili halikupofuka kwa uzee, ni kipande cha jiwe. Basi mtambo uende kule nyuma ya kilima, mbali na maji, na watakaoajiriwa wapewe miwani na glavu, wasiambiwe wajifunge leso puani. Sasa mwanangu atasoma sheria."

Mwanangu alikuwa mimi. Hotuba zote mbili zilikuwa kwenye pikapu, zimekaliwa na sufuria. Mkononi nilikuwa na Katiba tu. Nikafungua Ibara ya Arobaini na Mbili, nikasoma kwamba kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya.

"Amina!" watu wakaitikia.

Nikashtuka, nikaendelea: na yalindwe kwa faida ya vizazi vya sasa na vijavyo.

"Amina!"

Mama mmoja akaanzisha wimbo. Mwingine akanitunza leso mabegani. Hapo mtu mwenye akili angeketi. Mimi nikaanza kufikiri.

"Lakini afisa," nikasema, na spika ikanipeleka mpaka barabarani, "kikao hiki chahesabika kweli? Tangazo lilisema uwanja wa chifu."

Karisa akajifunika uso. Shangazi alinitazama kama sufuria iliyotoboka.

"Swali zuri!" mwenye tai akaruka. "Hakihesabiki!"

Afisa akameza tonge lake taratibu. "Kweli, hakihesabiki. Na kile cha uwanjani pia hakihesabiki, kwa sababu wananchi waliitwa siku wasiyoweza kuja. Nitaandika hivyo. Kikao kitarudiwa siku watakayoichagua wenyewe, na hadi hapo hakuna mtambo utakaoletwa."

Vigelegele vikapasuka penye kilio. Mwenye tai akasukuma sahani yake.

"Kula, babangu," Shangazi akamwambia. "Hasira haishibishi."

Jioni nilirudi Barani na leso yangu mabegani. Nilikuwa nimekwenda nikiamini kwamba sheria hukaa kitabuni ikimngoja msomi mwenye hotuba nzuri. Nimerudi nikijua kwamba yataka mwenye kisima, yataka watu wa kuitikia, na mara mojamoja yataka mtu asiyeweza kuacha kuwa na wasiwasi.

Mama aliniwekea chai. "Ulisema nini?"

"Nilisoma Ibara ya Arobaini na Mbili."

"Na wao?"

"Walisema amina."

Mama akatikisa kichwa. "Hata bungeni haikuitikiwa hivyo."