Kiraka cha Mihayo

Usiku ule nililala na hasira, na mama yangu husema anayelala na hasira ameacha mlango wazi. Nianze na hiyo hasira, msije mkapotea.

Hapa kwetu kando ya Rufiji tuna boti moja ya kuvushia wagonjwa. Ni boti ya jeti. Haina pangaboi la kuning'inia nyuma kama maboti mengine. Inavuta maji kwa chini, inayapitisha kwenye bomba, inayatema nyuma kwa nguvu, basi inakwenda. Ndiyo maana inapita juu ya mchanga na magogo, pale ambapo injini za wengine zinabaki vipande. Ndani ya lile bomba kuna chuma chenye mapanga kinachozungushwa na shafti ya injini. Tunakiita impela. Hicho ndicho kila kitu. Kikifa, boti haina msukumo, na boti ya jeti isiyo na msukumo haina hata usukani. Unashika usukani unazungusha, boti inakwenda inakotaka mto.

Sasa impela yetu ilikuwa imemeza kipande cha mti. Nikaifungua. Panga moja limepinda, na kwenye shina lake kuna ufa mwembamba kama unywele. Na ufa wenyewe haukuona pengine pa kukaa, umekaa ubavuni mwa kiraka cha Mihayo.

Mihayo alikuwa fundi wa boti ile kabla yangu. Mimi chuo cha ufundi sijakiona. Nimejifunza kwa kufungua vitu vya watu na kugombezwa, na aliyenigombeza kuliko wote ni yeye. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzaramo, kwa hiyo watani. Miaka yote hajawahi kuniita jina langu.

"We mcheza ngoma, lete spana!"

"Chukua mwenyewe, mpagazi, kwani mgongo umekwisha?"

Ndivyo tulivyopendana. Msimu mmoja impela ilipasuka katikati ya safari, akaifungua, akachomelea kiraka kwa mkono wake, boti ikarudi majini, tukafika nyumbani. Kisha mwaka huu, kabla mvua hazijaanza, homa ikamchukua. Mazishini nilifanya kazi ya mtani. Niliruka kaburini kabla ya maiti, nikalala chali, nikasema sitoki mpaka ndugu zake wanikomboe kwa jogoo. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Nikakombolewa, nikatoka, akaingia yeye.

Jioni ile sasa, dada Tatu, nahodha wetu, alikuja kibandani akaigeuza ile impela, akapitisha kucha kwenye ufa.

"Kondo, mdogo wangu, hiki chuma kimechoka. Tuagize kipya."

"Kipya kije lini? Mto umejaa, ng'ambo kuna wajawazito, watavuka na nini? Mitumbwi, na viboko wale? Mimi kesho asubuhi nanyoosha panga, nachomelea, mchana boti iko majini."

"Uchomelee kiraka juu ya kiraka?"

Hapo nikawaka. "Kiraka cha nani? Sema! Kiraka cha nani? Mkono ule haujawahi kukosea, dada Tatu. Unamtukana marehemu!"

"Sijamtukana mtu. Nimesema chuma."

"Sema tena!"

Aliniangalia, akajifunga vizuri kanga yake, akaondoka. Mimi nikaendelea kupiga kelele peke yangu mpaka jirani akaniuliza nagombana na nani. Na kati ya hao wajawazito wa ng'ambo, mmoja ni Mwajuma, mdogo wangu wa tumbo moja, mimba ya kwanza, siku zake zimekaribia. Safari ya kwanza ya boti ikishatengenezwa ilikuwa ya kumchukua yeye. Kwa hiyo mjue nililala na nini kichwani.

Nikalala. Kukawa mchana.

Jua la saa sita, jeupe, halina joto. Niko kibandani, nimepakata impela. Nzito kuliko nilivyoizoea, na ina uvuguvugu, kama kichwa cha mtoto mwenye homa. Nikataka kuiweka chini, mikono ikakataa. Nikainua macho, Mihayo anakuja kutoka mtoni. Anapanda ukingo taratibu, na nguo zake kavu.

Sikuogopa mwanzoni. Moyo uliruka kwa furaha, hata nikasahau kwamba amekufa. Nikampigia kelele kama siku zote, "We mpagazi! Ulikuwa umejificha wapi?"

Hakucheka. Akaja mpaka mbele yangu, akasimama, akakutanisha mikono, akainama. Mtu mwenye umri wa baba yangu. Akasema kwa upole:

"Shikamoo, Bwana Kondo."

Jamani. Mtani hakusalimii hivyo. Mtani anakutukana, anakunyang'anya chakula, anakuita majina mbele ya wakwe zako, hapo ndipo unajua uko salama. Na mkubwa hamwamkii mdogo, haijatokea popote. Nikajaribu kucheka, nikajaribu kumwambia acha mchezo, mzee. Yeye bado ameinama, anasubiri niitikie, na mimi marahaba hainitoki. Ningemwitikia, ningekuwa nimekubali kitu, ila nimekubali nini, sikujua.

Nikarudi nyuma hatua moja, mguu ukakosa ardhi.

Niko kaburini. Lilelile, naijua ile mizizi iliyokatwa pembeni. Nimelala chali kama siku ile, na impela iko kifuani. Watu wamesimama juu, nawaona kidevu na pua tu. Nikasema maneno ya siku ile, "Sitoki mpaka mnikomboe!" Hakuna aliyecheka. Nikasema sasa basi, natoka, nipeni mkono. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mmoja akamuuliza mwenzake, "Huyu ndiye wa leo?" Mwenzake akasema, "Hatujui. Bado hajaamua."

Maji yanaanza kuingia. Yanapanda kwa chini, kwenye mgongo wangu, machafu, ya rangi ya chai ya maziwa, ndiyo maji ya Rufiji kabisa. Yananinyanyua. Nikafumba macho.

Nafumbua, tuko ndani ya boti. Katikati ya mto, umefura, unabeba migomba mizima na mizizi yake. Dada Tatu yuko usukanini, amenipa mgongo. Watu wamejaa, wanawake wa ng'ambo, kila mmoja na mkoba wake wa kujifungulia mapajani, kimya. Na mbele kabisa Mwajuma, ameshika tumbo kwa mikono miwili, ananiangalia. Anaangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba fundi ni kaka yake, asiogope.

Boti inakwenda kasi. Lakini injini haisikiki. Natega sikio, sisikii kitu. Halafu nikasikia. Chini ya miguu yangu kuna mtu anahema.

Anahema kama mtu aliyebeba gunia anapanda mlima. Nikamwambia dada Tatu simamisha, kuna mtu chini. Akanijibu bila kugeuka, "Si ulisema iko sawa?" Nikapiga magoti nyuma kule, nikaanza kufungua mfuniko wa bomba. Nati zinatoka zenyewe kabla sijazigusa. Nilijua sitaki kuona. Mikono yangu ikafungua hivyohivyo.

Mihayo yumo ndani ya bomba.

Amekunjwa humo, na shafti inamzungusha. Uso unakuja juu, unazama, unakuja juu, unazama. Macho wazi. Vidole vyake vyote kumi vimebana ile impela, vimebana pale penye kiraka, upande huu na upande huu, anaushika ule ufa usifunguke. Kucha zimeisha. Mchanga unapita mikononi mwake kama msasa, na yeye ameshika tu. Anazunguka na ameshika.

Nikapiga kelele jina lake. Uso ulipokuja juu akasema:

"Nilichomea tufike nyumbani siku ile."

Akazama. Akaja tena.

"Tulifika."

Akazama. Mimi nasema mzee, nisamehe, nilikuwa nakutetea, walitaka kuitupa kazi yako, mimi nikasema hapana, mimi ndiye niliyekusimamia. Akaja juu. Na sura yake haikuwa na hasira, bora ingekuwa nayo. Ilikuwa imechoka tu.

"Umeniacha humu, Bwana Kondo. Nishike mpaka lini?"

Mimi, mtu wa maneno, ninayebishana na redio, nikaacha maneno. Nikaingiza mkono nimvute atoke, maji yakanitupa. Nikaingiza tena. Nilipomgusa alikuwa wa baridi kama chuma, na hakukuwa na pa kumshika, kila nilipomshika ni panga.

Akaachia kidole kimoja.

Boti ikatikisika. Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema "Yarabi" polepole.

"Usiachie!" nikamwambia. "Mzee, usiachie, Mwajuma yuko humu, mdogo wangu yuko humu!"

Akaachia cha pili. Cha tatu. Ananitazama kila anapokuja juu, na anaachia. Ufa unafunguka, nauona, kutoka unywele unakuwa uzi, kutoka uzi unakuwa mdomo. Dada Tatu anazungusha usukani, na usukani unazunguka bure kama kitu cha kuchezea. Boti inageuka ubavu. Mto wote unakuja. Nikageuka kumtafuta Mwajuma, pale alipokuwa amekaa pana mkoba tu, umefunguka, nguo nyeupe za mtoto zinalowa.

Kikabaki kidole kimoja.

Nikaamka.

Kulikuwa kunapambazuka. Nimelala kifudifudi, mkono umeng'ang'ania fremu ya kitanda mpaka vidole vimekufa ganzi, ikabidi nivifungue kimoja kimoja kwa mkono wa pili. Shuka limelowa. Nje majogoo wanawika na mtu anafagia, na mimi ule ufagio ulinitisha, nikadhani ni mchanga unapita kwenye bomba. Nilikaa kitandani nasema jina la Mwajuma kwa sauti ya chini, nikijisikiliza kama bado yupo duniani.

Sijui kama ndoto ni wafu wenyewe au ni shibe ya tumbo tu. Wenye elimu zao waseme. Mimi najua nilichoagizwa, na niliogopa kukikawiza hata kwa chai. Nikampigia dada Tatu.

Akapokea kwa usingizi. "Kondo. Umepiga kumalizia matusi ya jana?"

"Dada Tatu, nisamehe. Agiza impela mpya. Leo, sasa hivi, kabla hujanawa uso. Boti isiguse maji mpaka ifike, na hii ya zamani naitoa kabisa, naikata vipande, asije mtu mwingine akaona huruma akaifunga tena."

Namsikia anakaa kitako.

"Na Mwajuma je?"

"Namfuata kwa mtumbwi asubuhi hii hii, kabla upepo haujaamka. Namwamsha Mzee Kindamba anivushe, ndiye anayeijua njia ya viboko vizuri. Atakaa huku kwa mama mpaka ajifungue. Na wengine wenye siku za karibu tutawavusha hivyohivyo, wawili wawili, taratibu."

"Unaogopa mto wewe. Nakujua."

"Naogopa sana, dada. Lakini mtumbwi nauona mwisho wake na mwanzo wake. Hakuna aliyejificha chini."

Halafu akauliza polepole, kama mtu anayegusa kidonda cha mwenzake, "Jana ulitaka kunipiga kwa ajili ya kile kiraka. Nani kakubadilisha?"

"Mihayo."

"Kondo." Sauti yake ikalainika. "Mihayo amekufa, mdogo wangu."

"Ndiyo, dada. Ndicho alichokuja kuniambia."