Dereva na Gemu Yake

Kila alasiri, dereva wa pikapu ya miraa hukalia kreti sokoni Maua akicheza gemu ya mbio za vigari kwenye simu, ulimi ukichungulia mdomoni kila afikapo kwenye kona. Mwanamke aitwaye Kiende, akifunga mabunda ya miraa kando yake kwa majani ya mgomba, humtazama tu. Mumewe alikufa pikapu hiyo ilipobingirika kwenye kona, na dereva akawaapia polisi kwamba breki zilikatika.

Jana mchinjaji Abdilatif aliisifu gemu hiyo kuwa tamu. "Tamu wapi? Vigari vinateleza kama sabuni, na breki hazishiki," akabisha Kiunga mwenye duka. "We ni mwoga," dereva akacheka. "Breki ya nini? Mimi hata barabarani siigusi, kona naikata hivyo hivyo." Kiende akaweka bunda chini. "Hata siku ile, dereva?" Kidole gumba cha dereva kikasimama. Kwenye skrini, vigari vyote vikampita.