Ukoo wa Masteringi

Bujiku hajui Kiingereza. Nalisema mapema kwa sababu hapa Nyahanga wapo watu ambao mpaka leo wanadhani alikisoma mahali. Alimaliza darasa la saba kule Songwa, akaenda machimboni Geita kuvuta kamba kwenye duara, shimo la dhahabu, na huko ndiko alikoanza kutafsiri picha za video, kwa kutazama nyuso za Wazungu na kukisia wanagombania nini. Miaka kumi na minne ameishi kwa kukisia. Nilimdharau kwa hilo, na kiingilio niliendelea kutoa.

Banda la video la Benjamini lilikuwa letu sisi wanawake wa mashine za mpunga. Tukimaliza kupepeta, saa kumi jioni, tunajipukuta pumba na kuingia. Vijana walishahamia kwenye simu zao. Benjamini, ambaye hajawahi kutazama picha yoyote mpaka mwisho, alikuwa ameanza kusema kwamba Bujiku amepitwa na wakati. Siku hizi picha zinakuja na tafsiri yake kutoka Dar, unachomeka flashi, kazi imekwisha. Akamwekea sharti mbele yetu sote: inakuja sizoni mpya, ya masteringi wengi, wale mashujaa wa picha, wanaoungana kupigana na adui mmoja. Viti vikijaa mpaka mwisho wa sizoni, Bujiku anabaki na maiki yake. Vikipungua, anaondoka. Bujiku alikubali, angefanya nini? Mgongo aliuacha duarani siku kamba ilipokatika, na zaidi ya kuongea hakuna kazi aliyoiweza.

Sasa niwaambie kuhusu hiyo sehemu ya kwanza, maana nimeona upuuzi mwingi katika lile banda lakini ule ulizidi. Inaanza na msiba. Jeneza limefungwa, mvua inanyesha, watu wanalia. Nani amekufa? Hawasemi. Hata ukienda kuzika mtu wa kijiji cha mbali usichokijua, atasimama mtu mmoja na karatasi asome wasifu wa marehemu, alizaliwa wapi, ameacha watoto wangapi, ndipo unajua unamlilia nani. Wale hawakuona haja. Kisha masteringi wanaanza kuingia mmoja mmoja, kila mmoja na muziki wake, anasimama mlangoni kidogo kama anayesubiri apigiwe makofi. Amefanya nini cha kupigiwa makofi? Mmoja anapita ukutani. Mmoja ni mwanamke mwenye nywele zinazokata chuma. Mmoja ni jitu lisiloongea, linakula tu. Wanakumbatiana, wanakumbushana mambo yao, wanacheka. Sisi tumekaa pale kama watu waliokaribishwa harusini kisha wakaachwa nje ya uzio.

Aliyepiga makofi alikuwa Fredy peke yake, fundi simu, mtu asiyekosekana kila penye watu wa kuwaonyesha kwamba hawajui.

"Mlitakiwa muwe mmeangalia zile tisa za mwanzo," akatuambia. "Kila mmoja ana picha yake inayomweleza."

Tisa! Mtu akupikie ugali, kisha akuambie mboga uliipita mahali fulani mwaka juzi. Waliotengeneza kile kitu walitudharau, na mimi nikawarudishia dharau yao pale pale. Nilikuwa nanyanyuka nitoke.

Ndipo yule mwanamke wa nywele akamwona yule wa ukutani. Akamkimbilia, akalia kifuani kwake. Nikauliza kwa sauti, kama ninavyouliza mgeni yeyote akiingia uani kwetu: "Ng'wana nani huyo?" Mtoto wa nani? Wenzangu wakadakia. Ng'wana nani? Na yule mwingine, ng'wana nani?

Bujiku akajikuna shingo. Kule machimboni kila wiki walikuja wachimbaji wapya wasiojua picha ilikoanzia, na wa zamani wakahama, kwa hiyo alizoea kutoacha sura yoyote bila kuitajia kwao. Akasogeza maiki.

"Hawa ni ndugu," akasema. "Mama mmoja, baba mmoja. Mama yao alifariki mwaka wa njaa. Kaka akachukuliwa na mjomba, dada akabaki kwa bibi. Ni miaka ishirini hawajaonana, na leo wanaonana kwenye mazishi ya huyo bibi."

Mtu akaanza kulia kiti cha nyuma. Nami nililia, sioni aibu kusema. Bujiku akamsomea bibi wasifu wake wote, mpaka shamba la pamba alilolima. Lile jitu akalifanya mtoto wa mama mdogo, halisemi kwa sababu lilimwona mama yake akifa. Picha ilipokwisha tulikuwa tunawajua wale watu kama majirani wa kisimani.

"Hakuna hata neno moja la kweli!" Fredy akafoka.

Tukamwambia basi tupe hiyo kweli. Akaanza na picha ya kwanza kati ya zile tisa. Alikuwa bado kwenye ya pili sisi tulipokwenda kupika.

Siku tano viti vilijaa. Mimi mwenyewe nilimleta wifi yangu kutoka Ushirombo, nikamweleza ukoo ule njiani, naye alipoingia hakupotea hata kidogo. Benjamini akaacha kuitaja Dar. Bujiku akaanza kuvaa shati la kupiga pasi.

Siku ya sita, yule kaka na yule dada wakapanda juu ya ghorofa. Wakashikana mikono. Wakatazamana, wakabusiana midomoni, na halikuwa busu la ndugu.

Tukamgeukia Bujiku. Maiki ilikuwa wazi, pumzi zake zilisikika kwenye spika. Flashi ya kila sehemu Benjamini alimpa siku ile ile, hakuwa na nafasi ya kuchungulia yajayo.

"Subirini," akasema. "Subirini kidogo tu, kuna jambo..."

Nikasimama mimi. Mimi niliyeuliza mtoto wa nani, nikasimama na kupiga kelele: "Mwongo!" Wengine wakafuata, mwongo, mwongo, na Fredy akacheka mpaka akakaa chini. Benjamini hakusubiri. Flashi ya Dar ilikuwa mfukoni mwake tangu siku ya kwanza. Akamnyang'anya maiki, na Bujiku akatoka kwa kupita katikati yetu, na hakuna aliyesogeza mguu kumpa njia.

Siku ya saba tukasikia hiyo sauti ya Dar. Sauti safi, ya haraka, inasema kila neno kama lilivyo. Katikati akaingia mama mmoja mtu mzima mwenye mwavuli, hatujawahi kumwona. Masteringi wote wakasimama. Wale wawili wakaachiana mikono.

"Ng'wana nani huyo?" nikauliza.

Sauti ikaendelea na mambo yake. Nikauliza tena, kwa nguvu zaidi, mtu mzima mimi nagombana na spika.

"Huyo yuko kwenye ile ya nne," Fredy akasema bila kugeuka.

Hadi Jumamosi viti vilikuwa nusu. Benjamini anadai ni msimu wa mavuno. Mavuno yako wapi, na mpunga bado uko majini? Lakini maiki hajairudisha, kwa sababu mtu kama yule yuko radhi apate hasara kuliko kukiri kosa.

Bujiku nilimkuta kwenye mashine ya tatu kutoka yetu, anabeba magunia kupeleka kwenye lori, na mgongo ule ule. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha.

"Habari za kazi, Bujiku."

"Njema, Mama Limi."

"Kaingia mama mmoja mwenye mwavuli," nikasema. "Wote wakasimama."

Akanigeukia. Nilidhani atanitukana, na ningestahili.

"Alikuwa na hasira?"

"Sana."

"Aliwatazama kina nani kwanza?"

"Wale wawili. Wakaachiana mikono."

Akajifuta jasho. "Huyo ni shangazi yao," akasema. "Bibi amekufa, nyumba haina mkubwa. Nani mwingine angekuja kulikemea jambo kama lile? Niliwaambia msubiri."

Nilimwamini papo hapo, mimi niliyemwita mwongo mbele ya watu. Nikaona aibu ambayo sijaiona tangu niolewe. Akainama, wapakiaji wakamtwika gunia, akaondoka polepole kuelekea kwenye lori. Nilimwita nimwulize kama wale watoto walimsikiliza shangazi yao, lakini chini ya lile gunia hakuweza kugeuza shingo.