Jina ya Mutoto wa Tatu

Radio ilisema vile asubuhi, Mama anachambua maharagi mbele ya nyumba yetu ya Vulamba, ku Butembo: leta, serikali yetu, imetia ku internet majina ya batu bote benye ilizika Beni, na kila mutu ako na haki ya kuyaona. Mama alisimama na lungo mukononi. "Masikio yangu imesikia muzuri?" Nikamwambia ndiyo. Akaanza kulia palepale, na mimi nikacheka, juu ilikuwa siku mingi sijaona Mama analia ya furaha.

Mudogo wangu, mutoto wa tatu mwanaume wa Mama, alikuwa ameenda Beni kulima kakao. Wauaji balimukuta ku shamba pamoja na bengine. Barabara ilifungwa, hatukuweza kufika, na leta ikabazika bote siku hiyohiyo, kila mumoja na musalaba ya mbao yenye namba tu. Tulipofika, udongo ilikuwa imekwisha kukauka, na hakuna mutu aliweza kutuambia: huyu njo wenu. Tangu pale Mama alikuwa na kilio moja: mutu anionyeshe fasi mwanangu analala, nimusimikie musalaba yake, nisali. Hakutaka pesa ya leta, hakutaka hotuba. Fundi wa mbao alimuchongea musalaba na majina yote ya mutoto, na ile musalaba ilikuwa inalala nyuma ya kitanda yake, imefungwa ndani ya kikwembe, kitambaa yake ya kujifunga.

Basi nikaenda kutafuta ile haki yetu ya kuona. Telefone yangu ilizunguka, ikazunguka, ikakula mega zote za internet, haikufungua kitu. Nikaenda ku cyber, fasi ya mashini za internet. Pale ilifunguka, lakini zilikuwa picha za karatasi zenye ziliandikwa na mukono, zingine zimepigwa kichwa chini. Ukitafuta jina, mashini haioni kitu, juu kwake ile ni picha tu. Nikasoma na macho yangu, ukurasa kwa ukurasa, shingo imepinda kama ya kuku. Namba, jina. Namba, jina.

Na jina ya mudogo wangu nikaiona! Nilipiga kelele mupaka mwenye cyber akashituka. Kisha nikaiona tena, chini yake kidogo. Nikageuza ukurasa: iko. Nikageuza ingine: iko mara mbili.

Mwenye hajue kwetu Wanande, nimwelezee. Jina ya kwanza kwetu haichaguliwe. Mutoto wa kwanza mwanaume ako na yake, wa pili na yake, wa tatu na yake, babinti vilevile, ku kila nyumba, kutoka Vuhovi mupaka Kasugho. Ita jina ya mudogo wangu ku soko ya Butembo, utaona vichwa vyenye vinageuka! Yenye inatofautisha mutu ni majina yenye inafuata. Na leta iliandika ile ya kwanza tu.

Nikashuka mupaka Beni, ku biro ya leta. Chef mwenye aliandika zile karatasi alikuwa bado pale, mutu wa mbali, mwenye balimutuma kutoka jimbo ingine. Nilifika nimejaa hasira. Akanipa kiti.

"Dada, likambo te, hakuna shida," akasema. "Hii habari iko publique. Kila mutu anaweza kuitumia."

"Kuitumia namna gani, Chef? Majina ingine iko wapi?"

"Ku formulaire, ile karatasi ya kujaza, kulikuwa fasi moja ya jina. Donc, basi, niliandika jina."

"Ile hapana jina, Chef! Ile ni kuhesabu tumbo ya mama tu! Umeandika wa tatu, wa tatu, wa tatu!"

Akaangalia meza, kisha akaniuliza polepole: "Kwa hiyo bale hawakukuwa familia moja?"

Sikumuelewa mara moja.

"Mimi nilifikiri ni familia moja kubwa yenye ilimalizika," akasema. "Nilikuwa naandika na ninabalilia."

Nikamuuliza kama majirani ba ku shamba, benye balikimbia mbele sisi tufike, balimutajia majina yote siku ile ya kuzika. Balitaja, akasema. Yeye hakuandika. Nilikuwa nimebeba matusi tangu Butembo, na yote ikanikaukia mudomoni. Ile kitu tulikuwa tunatafuta hakuna mutu aliificha.

Nilimuelezea Mama yote. Akashona kikwembe yake yenye ilipasuka, kisha akasema: "Basi tutaenda kwa bote. Bote ni batoto ba tatu ba mutu. Uchungu ya mwana anaijua mwenye alizaa."

Siku ya kukumbuka wafu tulishuka Beni na jembe, mishumaa, na ile musalaba. Mimi nilikuwa nasoma namba zenye ziko na jina yetu, Mama analima majani. Ku kila kaburi alipiga magoti, akatia mukono ku udongo, akauliza: "Ni wewe?" Alingoja kidogo, akawasha mushumaa, akaamuka. Musalaba haikutoka ndani ya kikwembe. Ataisimika kwa nani?

Jua ilikuwa bado juu wakati shofere alianza kupiga honi. Barriere ya ku barabara inafungwa mapema, na kisha pale hakuna mutu anapenda kubakia kule, kwa kuogopa wauaji. Chini kule, ndani ya majani marefu, namba zetu zingine zilikuwa bado. Nilimukamata Mama mukono. Alikataa. Nilimuvuta, ee Mungu, nilimuvuta mama yangu kama mutu mwenye aliiba.

Ndani ya gari aliweka musalaba ku mapaja, akaishikilia na mikono mbili. Tulipita barriere. Pale akanigeukia.

"Na kama ni mumoja wa bale tuliacha?"