Nilimtangulia Mama Mkwe

Mtaani kwetu hapa Kisangani watu wakitaka kumsema mkwe mkorofi wananitolea mimi kuwa mfano wa mkwe mwema. "Mutazame papa mwalimu," wanasema, "vile anaheshimu mama wa bibi yake." Nikisikia hivyo naongeza mwendo. Wangekuwa wanajua wanachokisifu, wangenitemea mate.

Nilikuja kutoka Maniema kufundisha hesabu, nikaoa binti wa Lubunga, ng'ambo ya mto. Kwao bokilo ni mtu wa kuogopwa. Bokilo ndivyo tunavyomwita mkwe, awe mama wa mke au mume wa binti. Hamtazamani usoni, hamli pamoja, hamketi mkeka mmoja. Mkikutana njiani, mmoja anaingia majanini ili mwingine apite. Mwanzoni nilicheka, nikamwambia mke wangu kwamba mama yake ananikimbia kama nina upele. Akanijibu kwamba ananikimbia kwa sababu ananipenda. Basi miaka yote hiyo niliijua sauti ya mama mkwe kuliko sura yake.

Halafu ugomvi wa ardhi ukalipuka huko ng'ambo. Mkubwa mmoja mwenye muhuri alikuwa ameuza msitu uleule kwa watu wawili, kila mmoja na vijiji vyake nyuma yake, kisha yeye akahamia Kinshasa. Aliyeuza yuko salama hadi leo, na waliouziwa wakachinjana. Nyumba zikachomwa, na kila asubuhi watu walivuka mto na magodoro vichwani. Mama mkwe alikuwa peke yake kule na shamba lake la mihogo. Mke wangu hakupata usingizi. Akaniambia, "Papa, nenda uniletee mama."

Pirogi za mota zilizovusha wakimbizi zilikuwa za bure. Za bure mdomoni. Kule bandarini askari waliuza nafasi, na mkono mtupu haulambwi. Mimi sikuwa na wasiwasi wowote. Komanda wao alikuwa na mtoto darasani kwangu, kijana ambaye hesabu zilimshinda kabisa, nami nikampandisha darasa baada ya baba yake kuniletea gunia la mchele. Mchele ule tuliula sote nyumbani, na mke wangu aliusifu. Nilipompigia simu, komanda alisema, "Mwalimu, nafasi yako mbili iko pale. Kuya tu."

Nilivuka asubuhi. Nikamkuta mama mkwe amekaa juu ya kifurushi chake nje ya nyumba, amejifunika kitenge usoni kwa ajili yangu. Moshi ulionekana nyuma ya mashamba. Tukashika njia ya bandarini, mimi mbele, yeye mbali nyuma yangu kama mila inavyotaka. Nilikuwa naogopa. Kila kichaka nilikiona kina mtu.

Tulipofika, komanda alitazama pembeni. "Bon, mwalimu, imebaki moja. Ile ingine nimempa mufanyabiashara, iko na mizigo yake. Tutafanya aje?"

Nilitaka kufoka. Lakini nifoke niseme nini? Kwamba ameuza haki yangu? Haki gani, wakati nafasi zenyewe nilizinunua kwa pointi za bure nilizompa mwanawe? Mbele ya mtu yule sikuwa na mdomo wa kusemea.

Watu walikuwa wanasukumana majini, na kutoka upande wa mashamba tukasikia mayowe. Hapo ilinipasa kugeuka na kusema maneno mawili tu: mama, panda. Sikugeuka. Nilikuwa nimeikazia macho ile nafasi, kipande cha ubao kati ya magunia ya maharage, kama mwenye njaa anavyotazama sahani ya mwenzake. Nyuma yangu nikasikia sauti yake, ya chini. "Bokilo, pita. Miye siwezi pita mbele ya bokilo yangu. Nitakuya na ya nyuma."

Nikapanda. Hata sikumjibu. Tulipofika katikati ya mto ndipo nikaanza kujitetea. Mila ni mila, nikajiambia. Mkwe mwema habishani na mama mkwe, na ningemshika mkono kumvuta ningemvunjia heshima mbele ya umati. Mtu mwoga hakosi wakili, maana wakili ni yeye mwenyewe. Nilijiambia mengi kabla ya kukanyaga mchanga wa upande wetu.

Ile pirogi haikurudi Lubunga. Komanda aliipeleka Isangi na mizigo ya yule mfanyabiashara, na ya nyuma haikuwapo. Mama mkwe alisubiri, kisha akarudi kujificha katika mihogo yake, na wenye mapanga wakamkuta humo. Majirani walimvusha kesho yake kwa mtumbwi wa kasia. Hospitalini waliukata mkono wake wa kulia juu ya kiwiko.

Alipotoka hospitali alikuja kukaa kwetu, katika chumba cha nyuma, pazia kati yake na mimi. Mke wangu hakuniuliza kitu. Afadhali angeniuliza. Kisha kaka zake wakaja kutoka Basoko, wakaketi uani na mikono magotini, hata maji wakakataa. Mkubwa wao hakuzunguka. "Shemeji, tumesikia ulivuka, ukamuacha mama kule. Kama ni kweli, leo tunarudi na dada yetu na watoto."

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa amesimama mlangoni, na viatu vya safari alikuwa amekwisha kuvaa.

Nikafungua mdomo. Naapa nilitaka kusema kweli. Lakini sauti ikatoka nyuma ya pazia kabla yangu. "Munyamaze, banangu. Bokilo alinibembeleza nipande. Alinibembeleza mara tatu, watu wote wakisikia. Ni miye nilikataa, juu ya heshima. Sasa munataka kumuazibu juu ya heshima?"

Yule mkubwa akainamisha kichwa. Akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniomba msamaha. Mke wangu akalia, akavua viatu, akaenda kuchinja kuku. Jioni wakaniwekea firigisi, fungu la baba wa nyumba, na nikaila mbele yao. Wakasema kwamba dada yao alipata mume.

Sikumbembeleza mama yule hata mara moja. Hata neno moja sikulitoa. Tunaojua ni yeye na mimi.

Walipokwisha kuondoka nikaenda kusimama karibu na pazia. Ndani alikuwa anahangaika kufunga kitenge kwa mkono mmoja na meno, nilisikia pumzi zake. Nikasema, "Mama, asante." Aliendelea na kitenge chake mpaka kikafungika, ndipo akanijibu, taratibu, bila hasira.

"Usinishukuru. Mutoto wangu iko na watoto wane, nikasema kwa ajili yao. Ingekuwa kwa ajili yako, ningenyamaza."