Filamu za Mchana pamoja na Bibi

Kila baridi inapoingia Sydney na nikaiwasha hita kwa mara ya kwanza, vumbi lililolala ndani yake tangu mwaka uliopita huungua, na harufu yake hunirudisha kwenye sebule yetu ya zamani ya Doonside, pembezoni mwa jiji hili, juu ya kochi la kijani, ubavuni mwa bibi yangu. Nilikuwa na miaka tisa. Bibi, mzaa mama, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Korogwe, na viza yake ilikuwa inaisha Jumamosi ya mwisho ya likizo yangu ya Julai. Mama alikuwa muuguzi, akitoka nyumbani kabla hakujapambazuka. Baba alikuwa na kazi yake mjini. Basi wiki mbili zile tulibaki wawili, mimi na yeye, na blanketi moja, na birika la chai ya tangawizi aliyoichemsha mpaka ikawasha koo.

Akishamaliza sala ya adhuhuri, Bibi alikunja mswala, akajitanda khanga juu ya sweta la baba na kuniambia, "Haya, mke mwenza, wafungulie." Wafungulie, kana kwamba watu wa kwenye televisheni walikuwa wamepiga hodi muda mrefu. Saa ile kulikuwa na filamu za zamani za Kiingereza, zisizo na rangi: wapelelezi wa makoti marefu, majumba yenye mizimu, na watu waliorudi kutoka vitani wakakuta mitaa yao ni vifusi. Bibi hakujua Kiingereza. Mimi nami, aibu iliyoje, nilikuwa mtoto wa kusemeshwa Kiswahili nikajibu Kiingereza, mpaka mama akachoka kunikemea. Lakini Bibi aliuliza "Anasemaje huyo?" kila baada ya dakika, na hapakuwa na mwingine wa kumjibu. Kiswahili kikanitoka, kwanza kwa kudonoadonoa, na kufikia wiki ya pili nilikuwa siwezi kunyamaza.

Filamu za mauaji hakuzihitajia mkalimani sana. Alitazama wafiwa wanavyokula. "Mwenye msiba wa kweli hajui anatafuna nini," alinifundisha. "Yule anayepangusa midomo kwa utaratibu, mwangalie." Akanyoosha kidole kwa mtumishi mpole aliyekuwa akimwaga chai. "Kikulacho ki nguoni mwako." Alipatia mara tatu, na mara ya nne alipokosa alisema polisi ndio waliokosea. Za kutisha ndizo nilizoziogopa, nilijificha ndani ya khanga yake nikasikia anamgombeza mzuka: "Unaingia nyumba ya watu bila hodi? Umelelewa na nani?" Kisha akamgeukia msichana aliyekuwa anateremka chini ya nyumba na mshumaa. "Na wewe, kuna aliyekuita huko?" Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia. Tangu siku ile sijaogopa mzimu wowote, wa Kiingereza wala wa kwetu.

Alhamisi ya mwisho ikaonyeshwa filamu ya baada ya vita. Bikizee mmoja alikuwa amemlea mjukuu wake miaka yote ya mabomu. Baba wa mtoto akarudi na mke mpya, na chumba kikawa hakiwatoshi. Mwishoni bikizee na mjukuu walikuwa stesheni. Bikizee akainama, akamwambia mtoto kwamba hatarudi tena, asimngoje. Nilielewa kila neno. Kwenye korido yetu sanduku la Bibi lilikuwa limekwisha kufungwa kamba. "Anasemaje?" akauliza Bibi.

"Anasema haendi popote. Anabaki na mjukuu wake."

Bikizee akapanda treni. Bibi akakunja uso. "Mbona anapanda?"

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika ukingoni. Nikakumbuka hadithi za Bibi mwenyewe, kwamba kwao mgeni haagwi mlangoni. Yeye aliwasindikiza wageni wake mpaka stesheni ya Korogwe, na mazungumzo yakiwa matamu alipanda nao, akashuka kituo cha mbele na kurudi. "Anamsindikiza mgeni," nikasema. "Atashuka mbele."

Bibi alimtazama mtoto aliyebaki peke yake kwenye moshi. Hakuniuliza mgeni mwenyewe yuko wapi. "Ana adabu bikizee huyo," alisema, akanivutia ndani ya khanga.

Jumamosi, kwenye uwanja wa ndege, nilimng'ang'ania mkono mpaka mama akaona haya. Bibi akaninong'oneza, "Usilie, mke mwenza. Nawasindikiza hawa abiria tu. Nitashuka mbele." Nilijua maneno yale ni ya kwangu, tena ni ya uongo. Lakini yalipotoka kinywani mwake niliyaamini, na mwezi mzima sikumruhusu mtu kukalia upande wake wa kochi. Bibi hakushuka mbele. Alifariki Korogwe miaka miwili baadaye, na mama akaenda mazishini peke yake, mimi nikabaki nyumbani na baba. Nina hamu naye mpaka leo, na hamu hiyo haikui wala haizeeki.

Sasa naishi Bankstown na binti yangu Riziki, mwenye miaka tisa. Filamu zote zile ziko mtandaoni, unachagua unayoitaka na saa unayoitaka, lakini hakuna anayeniuliza wanasemaje. Riziki anasikia Kiingereza chote. Kiswahili ndicho anachokisikia bila kukisema, kama mimi zamani. Jumapili iliyopita, hita ikiunguza vumbi lake, niliitafuta ile ya stesheni na tukaitazama pamoja. Ni fupi kuliko nilivyoikumbuka. Bikizee akainama, akasema yale yale, akapanda. Treni ikaondoka, na mtoto akabaki amesimama mpaka filamu ikaisha.

"But she told her not to wait," Riziki akalalamika. "Mbona she's still there?"

"Kwa sababu ameambiwa bibi yake anasindikiza tu. Atashuka mbele."

Riziki akanigeukia. Hakuna aliyesema hivyo, na yeye alikuwa amesikiliza vizuri. "Nani kamwambia?" akauliza, kwa Kiswahili.

"Mimi," nikamjibu.