Mtoto Waliyemwita Katuni

Jumapili iliyopita wajukuu waliniwekea filamu ya katuni. "Nyanya, kaa hapa, utacheka." Familia ya kwenye filamu ilikuwa safarini, na kitindamimba wao, mtoto wa kutambaa, akaanguka kutoka ghorofani. Akagonga turubai, akadunda, akatua ndani ya keki. Wajukuu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nikaenda jikoni nikaosha sufuria zilizokuwa safi.

Filamu hizi zimenikasirisha tangu nikiwa msichana mdogo hapa Isiolo. Mtoto mchanga amepewa kazi moja tu: aanguke bila kuumia, wakubwa wacheke.

Wewe uliyekulia huku unalikumbuka gari la sinema. Lilikuja kutangaza sabuni, shuka jeupe likafungwa ukutani, nasi tukakaa vumbini na vipande vya mkate laini wa anjera mikononi. Baada ya sabuni zikaja picha za kuchorwa. Mtoto mchanga alikuwa akitambaa relini, na treni inakuja. Akina mama wakapiga mayowe. Mwenye kipaza sauti akasema, "Msiogope! Huyo ni katuni. Katuni hafi!"

Neno hilo hatukuwahi kulisikia. Tukadhani ndilo jina la mtoto.

Kesho yake jirani yetu, muuza maziwa ya ngamia, alimwona ndugu yangu mdogo akitumbukia kwenye karai la nguo na kuibuka anacheka, povu kichwani. "Wallahi, Katuni ndiye huyu!" Jina likaganda. Wanaume wakipita kwenda dukani walimrusha juu na kumdaka. Akianguka, kabla mama hajamfikia, mtu ameshasema, "Katuni hafi!" Naye, akiona watu wanacheka, alicheka. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni nikienda kuchota maji. Nilikuwa naujua uzito wake, na jinsi alivyonitafuna kola ya nguo hadi ikalowa.

Wakati wa mvua alishikwa na homa. Asubuhi mama alijifunga leso ampeleke hospitali. Jirani akaingia na maziwa yake, wenzake wakasimama mlangoni. Mara mtoto akapindua macho, mdomo ukaenda upande, mikono ikaanza kurukaruka.

"Hebu mwoneni! Hata akiugua anatuchekesha!"

Wakacheka.

"Hachezi," nikasema. "Mama, huyu hachezi."

"Nyamaza wewe, unajua nini?" jirani akanikemea. "Keti kwanza unywe chai, Mama Katuni. Huyu hafi."

Jirani alikuwa amemzidi mama umri na alikuwa amelea wengi. Mama akaketi. Chai ilikuwa bado moto mtoto alipotulia, na hakuamka tena.

Jirani ndiye aliyelia kwa sauti kubwa kuliko wote. Wanaume waliporudi kutoka makaburini, mmoja akasema, "Katuni wetu ametuacha." Mama, ambaye hakuwa mtu wa kujibu wanaume, akamwambia, "Mwanangu ana jina." Hakuna aliyeuliza ni lipi.

Uwanja ule wa sinema sasa ni maduka tu. Mama hayupo, jirani hayupo, na karai lilitoboka likatupwa. Kilichobaki ni kichekesho chenyewe. Kila mwaka wanakichora upya kwa rangi nzuri zaidi, na watoto wetu wanafunzwa mahali pa kucheka.

Wajukuu huniuliza kwa nini sipendi. Nataka waniletee filamu moja tu ambapo mtoto ameanguka, na mtu mmoja katika familia ile anaacha kucheka, anamwinua, anampapasa kichwa kuona kama ameumia.